Kamba ya Mgomba

Kila mwezi boksi lilitoka Moshi na basi la alfajiri:
mshare wa mtori, parachichi tatu zilizoviringishwa gazetini,
mayai yaliyofukiwa kwenye pumba,
na jina langu ubavuni kwa mkaa,
AIKANDE, herufi N imegeuka nyuma
kama mtoto aliyesikia anaitwa.

Sikuwa nafungua. Nilikuwa nakata.
Kisu, kamba, pipa la taka.
Kumbe nilikuwa nachana barua.

Maana mama hakujifunza kuandika zaidi ya majina yetu manne.
Yaliyobaki aliyafunga:
kamba ya mgomba iliyolala majini usiku kucha,
mizunguko mitatu, kisha fundo linaloingia ndani,
lilelile alilofungia majani ya ng'ombe,
lilelile alilofungia ndizi za kushusha Mbuyuni kichwani
mwaka ule baba alipokwenda Mererani kutafuta jiwe la buluu
na jiwe likawa yeye:
tukasikia lipo, hatukuliona.

Mwezi wa tano boksi lilikuja na kamba ya manila.
Fundo la mtu mwingine.
Parachichi nne.
Nikapiga simu. "Mzima," akasema, "mvua tu."
Mwezi wa sita, manila tena.
Nikapanda basi.

Mbokomu, njia ya utelezi, migomba inadondosha maji shingoni.
Nilimkuta jikoni, mkono wa kulia umelala mapajani
kama mgeni asiyejua lugha.
"Tangu Pasaka," akasema. "Umelala tu. Utaamka."
Zizini ng'ombe aligeuka nilipojitaja mlangoni.
Alikuwa amempa jina langu,
lisije likamkaukia mdomoni.

Na ukutani, kalenda ya usharika:
kistari cha mkaa kila siku simu ilipolia.
Watoto wanne. Januari hadi Juni. Vistari saba.
Viwili tulikuwa tumependelewa, si vyetu.
"Kijana wa Singida," alisema, "alikosea namba.
Alikuwa anamtafuta mama yake. Tuliongea sana."

Nilitoka nje nikasimama na kuku.

Jioni alikuja Mama Eliaichi wa kihamba cha chini,
chupa ya chai kwapani, hakubisha hodi, hahitaji.
Ndiye mwenye manila.
Eliaichi wake amelala nyuma ya nyumba mwaka wa tisa sasa,
chini ya saruji na maua ya plastiki;
hana basi la kusubiri,
hana jina la kuandika ubavuni mwa boksi.
Akaazima langu.
Aliliandika kwa uangalifu, N imenyooka,
na parachichi ya nne ilikuwa ya mti wake.
"Ulikula?" aliniuliza. Basi, hilo tu.
Nikasema nilikula. Sikumbuki kama nilikula.

Nani huwapigia makofi hawa?
Hakuna aliyewahi kusimamisha mkutano kwa ajili ya mwanamke
aliyeamka saa kumi kulowesha kamba.
Mlima wenyewe, unaopigwa picha na dunia nzima,
huwa umewapa kisogo, umejifunika wingu.

Asubuhi nilikwenda mpakani mwa kihamba,
nikachuma jani la isale.
Kwetu ukikosa hulii sana; unafunga jani fundo, unalipeleka,
na anayelipokea hana pa kukimbilia, atasamehe.
Nilipiga magoti kwenye majivu.
Nilikuwa na maneno, yakakwama huko huko.

Akalishika kwa mkono wa kushoto,
akaligeuzageuza kwenye mwanga wa mlango
kama anayekagua sarafu.
Mama Eliaichi akaacha kumenya.

"Legevu," mama akasema.
Akalifungua kwa meno.
"Funga tena. Ingiza ndani, halafu vuta.
Na ukimaliza hilo,
mfungie na huyu la kwake."