Juma la Mbalamwezi

Nianze na kikaango, maana hapo ndipo aibu ilipowaka.
Saa tatu usiku, Kirumba, jiko la mkaa mbele yangu,
simu nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga,
niko laivu, nawaonyesha watu mia tatu na kumi na wawili
namna ya kukaanga dagaa wasiungue.
Mmoja wa Songea akauliza: chumvi kiasi gani?
Nikainama kumsoma. Mwingine: pilipili ya wapi hiyo?
Nikamjibu. Mwingine akaniita dada, mwingine tapeli,
na huyo wa tapeli ndiye niliyemjibu kwa kirefu.
Moshi ulipopanda walidhani ni mapambo.

Dagaa wakaungua,
wakaungua mbele ya mikoa yote.

Mwaka mzima nimeishi hivyo.
Nalala na chaja kama mgonjwa na dripu.
Kabla sijampa mama mwangaluka yake
nishawaamkia wageni elfu nne.
Posti ya alfajiri, posti ya mchana, jioni kichekesho,
nami si mchekeshaji, labda kwa madeni.
Nikikaa kimya siku moja, namba zinashuka,
na zikishuka nahisi ni mimi ninayekonda.
"Usipoonekana umekufa," alinifundisha Lugwisha,
yule wa duka la vifuniko vya simu.
Naye mwenyewe sijamwona wiki ya tatu;
wanasema yuko Bugando, presha.

Jumatano nikaenda Igombe kuchukua mzigo.
Mwalo ulikuwa kimya kama shule ya likizo.
Mitumbwi imepandishwa mchangani, taa zimefunikwa viroba,
na Kwandu, mwenye mitumbwi miwili na deni la injini moja,
amekaa juu ya jiwe anasukwa twende kilioni.
"Hakuna mzigo," akasema. "Hujaangalia juu?
Mwezi umejaa, ziwa lote linang'aa.
Taa yangu itamwita nani?"
Siku ngapi?
"Saba, nane. Tunashona nyavu. Tunalala.
Mwenye mume anakumbuka jina la mumewe."
Na deni?
"Deni halilali, lakini kuvua haliwezi."
Hofu yangu ikaropoka: huogopi dagaa watakusahau?
Akacheka mpaka msusi akaachia kichwa.
"Watakwenda wapi, Nyamizi? Hili ni ziwa."

Nilirudi na ndoo tupu.
Njiani nikawaza taa:
karabai ile ya babu, sola hii ya Kwandu,
na hii yangu ya kiganjani isiyojua mwezi.
Miaka miwili nimejiita mvuvi,
nimewasha, nikangoja waje wazunguke mwanga.
Kumbe anayezunguka ni mimi.
Dagaa ni mimi, macho wazi, usiku wa manane,
na aliyeshika wavu simjui.

Usiku ule niliandika mstari mmoja, bila picha:
Mwezi umejaa. Dagaa hakuna, nami sipo. Tukutane giza likirudi.
Nikazima. Kidole kikabaki kinatafuta kitu cha kusugua;
nikakipa mchele, kikachambua mawe.

Sidanganyi kwamba nilipona.
Siku ya pili niliiwasha chooni, dakika nne,
nikakuta wamepungua sitini na mmoja,
mtu kaandika "nilijua tu utakimbia,"
na mama mmoja wa Kahama kaagiza kilo sita,
za giza likirudi, hana haraka,
anauliza tu kama nimelala vizuri.
Huyo nilimjibu siku ya tano.
Nilikuwa nimelala vizuri.

Leo mwezi umeanza kuliwa pembeni.
Kesho kutwa Kwandu atasukuma mitumbwi majini,
na taa zitatapakaa kule mbali kama mji mwingine.
Nitapeleka ndoo. Nitawasha na yangu,
jioni, siku tatu kwa juma,
na kikaango kikiwa motoni
simu itanitazama mgongo.