Athari

Huku Ibra maji hupimwa kwa saa, si kwa ndoo.
Nusu saa ya falaji huitwa athari,
na baba yangu, Zahran bin Humaid,
alikuwa nazo kumi na nne:
saa saba kamili kila siku ya tisa,
maji yakiteremka mferejini, yakikata kona penye ukuta wa udongo,
yakiingia mitendeni mwake kama watu wa nyumbani,
bila hodi.

Alizinunua moja moja. Ya kwanza
mwaka ule aliotoka Wete na sanduku la bati
na Kiarabu kilichowachekesha binamu zake.
"Wao wana nasaba," aliniambia. "Mimi nina maji."

Nilijua hivi:
mtende wa khalasi ulio karibu na lango
makuti yake ya chini yalikuwa yamekauka, na ya kati pia.
Niliyavunja kwa mkono kama biskuti.
Nikaenda kwa wakili wa falaji. Akafungua daftari, akashusha miwani,
akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma bei za dukani:
Ya kumi na nne, imeuzwa. Ya kumi na tatu, mwezi wa Rajabu.
Mbili kwa pamoja, wiki ya Idi.
Na kila mstari una dole gumba la baba, buluu,
limekandamizwa vizuri, halikuyumba.
Mikono ya baba hutetemeka hata akishika tende.
Kuna mtu alimshikilia.

Athari, kwa Kiswahili cha kwetu,
ni alama inayobaki jambo likishapita.

Mtu huyo namjua. Nilimleta mimi.
Badar, mpole, mwenye kuvua viatu mbali na mlango,
kwa riali mia mbili kwa mwezi
amsomee baba barua, maana macho yana mtoto wa jicho,
amkumbushe vidonge vya sukari,
akae naye tu.
Mimi niko Maskati, saa mbili kwa gari,
na saa mbili, ukiwa na kazi na watoto, ni safari ya Hija.
Nilipiga simu kila Ijumaa. Alipokea Badar.
"Mzee amekula, dada. Mzee amelala. Mzee anakusalimu."
Nami nikashukuru, nikakata,
nikarudi kwenye sufuria yangu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakusema kwamba ndicho kinachokufunga vifungo vya kanzu,
kikakitia marashi kile kishada cha shingoni,
kikakushika kiwiko kwenye ngazi za msikiti,
kikasema: taratibu, baba.
Baba.
Neno nililolitumia mimi mara moja kwa wiki.

Polisi wanaandika. Benki inatikisa kichwa:
kitambulisho ni chake, alikuja mwenyewe,
alikunywa kahawa yetu, alikuwa anacheka.
Ghorofa ya Ruwi nayo imekwenda,
na bunduki ya babu yenye fedha kitakoni.
Badar, wengine wanasema Dubai, wengine Salala.
Simu yake haiiti.

Jana usiku nilimweleza baba.
Nilimwandaa kwanza, kama anavyoandaliwa mtu kupewa habari ya msiba,
kisha nikazitaja zote, athari kwa athari.
Alisikiliza mpaka mwisho.
"Zimebaki ngapi?"
"Mbili."
Akahesabu kwa vidole. "Saa moja," alisema,
kama mtu aliyeambiwa wakati.
Halafu akainyoosha mikono yake penye mwanga wa taa,
akaitazama, au akajaribu.
"Badar anarudi lini? Kucha zangu zimekua."

Nilitafuta kikata kucha droo zote tatu.
Nilikikuta kwenye kikebe cha halua, kimefungwa kitambaa safi,
vile alivyokiacha.
Nikaanza na dole gumba, lile lile,
wino umeganda bado kwenye mikunjo.
Nikakata. Nikazidisha.
Akauvuta mkono. Tone moja likaangukia kanzu.

"Yeye," alisema baba, bila hasira,
"alikuwa haniumizi."