Mashimo Thelathini na Mawili

Mimi navunja mawe, Kitangiri.
Jioni tunawasha matairi mabovu juu ya mwamba,
alfajiri tunaumwagia maji ya ziwa,
nao unalia mara moja, ka!
kisha unakubali nyundo.

Huu haukulia.
Nilipofagia masizi nikakuta vishimo,
vinane, na vinane chini yake,
na vinane, na vinane,
vimelainika ndani kama kisigino cha mtoto.

Rwegasira, msimamizi, akasema: "Mvua hiyo. Mvua huchimba."
Nikamuuliza ni mvua gani
inayojua kuhesabu nane mara nne
isipitilize.
Akatazama saa. Lori lilikuwa linapanda.

Sisemi uongo, niliinua nyundo.
Ada ya Shija ilibakiza siku sita.
Nikaishusha kwenye jiwe la jirani,
lisilo na neno.

Minza akapita na beseni la dagaa kutoka Mwaloni,
akatua mzigo, akacheka hadi akakaa.
"Isolo! Nani kaacha isolo juani?"
Akachota kokoto zangu, za kuuza, bila kuomba,
akagawa mbili mbili kila shimo,
sitini na nne,
nami nahesabu hasara kimoyomoyo.

Kuanza alikumbuka. Kula alikumbuka.
Kwenye kurudi nyuma akakwama,
mkono hewani, midomo ikitafuta.
"Shangazi Ng'wasi angejua."
Shangazi Ng'wasi tulimzika masika yaliyopita,
na msibani tulimuuliza kila mtu habari za mashamba yake,
hakuna aliyeuliza hili.

Wapakiaji wakashuka kwenye lori, wakachagua upande.
Kijana mmoja wa Ukerewe akasema kwao hurudi hivi;
Minza akamwambia, basi kwenu mmeharibu.
Dagaa wakaanza kunuka.
Lori likateremka nusu tupu.
Rwegasira akanikata hela ya siku,
akaenda,
akarudi peke yake bila kofia,
akauliza zamu ni ya nani.

Sasa mwamba umezungushiwa kamba ya katani.
Watu wa halmashauri walikuja, wakapiga picha,
wakaahidi kibao. Kibao tunakisubiri.
Shija anapanda kilima na daftari la hesabu,
nyumba hadi nyumba, kwa mabibi,
anaandika sheria za mchezo.
Ukurasa wa kurudi nyuma umefutwa hadi umetoboka,
na kila bibi anaapa wa mwenzake ndiye mwongo.
Jumapili wanakuja wenyewe kuthibitisha,
wale ambao mwaka mzima hawakusalimiana
kwa ugomvi wa bomba la maji.

Mimi bado navunja. Watoto hula.
Ila siku hizi nageuza kila kipande
kabla hakijaingia kwenye ndoo,
maana mara moja moja hutokea chenye upande laini,
uliobonyea kidogo,
na dole gumba langu linaingia pale, linatulia.
Sijui nyundo yangu imepita juu ya mangapi.
Hicho sikiuzi.
Namwekea Minza.
Kete zetu hupotea.