Hayajapimwa

Usiku wa Julai hapa Uyole baridi hailali,
inapita chini ya mlango kama mpangaji mwenye ufunguo wake.
Nimejifunga blanketi, kompyuta inanipasha mapaja.
Majaribio mia na kumi na mawili yamepanga foleni:
la kwanza kijani, la pili kijani,
la tatu linanyoosha mkono kutafuta kihisi cha joto,
linapapasa, halikuti kitu.
Kihisi kiko Isongole, kimezama ndani ya tangi la maziwa.
Huku kwangu kuna meza, chai ya rangi,
na waya usio na mwenza.

Jaribio likaanguka. Jekundu.
Lilianguka jana, juzi, mwezi mzima,
mpaka nyekundu ikawa rangi ya ukuta
na hakuna aliyeinua macho kuitazama.
Ambakisye alishatoa dawa:
"Liambie lijibu ndiyo. Nani atajua?"

Atajua shangazi Subilaga.
Alipokea maziwa Isongole kabla mashine haijaja,
laktomita yake ya kioo kaifunga kwa khanga kama kichanga.
Asubuhi moja ikamponyoka, ikasagika sakafuni.
Foleni ya madumu ilifika barabarani, ukungu nao umo foleni.
"Mama, andika tu safi, si unatujua!"
"Nyie nawajua. Maziwa ya leo bado."
Akayamimina kwenye ndoo ya peke yake,
akaandika daftarini, kalamu ikikwaruza:
Hayajapimwa. Kipimo kimevunjika.
Si safi. Si mabaya.
Hayajapimwa.

Basi nikaandika mistari minne tu:
kama kihisi hakionekani kwenye waya,
ruka,
usihukumu,
na useme sababu.
Njano ikachomoza katikati ya kijani, ndogo, haina aibu.
Asiyekuwapo na lake halipo, husema watu;
mimi nikampa asiyekuwapo mstari wake.

Nikalala vizuri majuma matatu.

La nne nikapanda Isongole, manyunyu yakinisindikiza,
nikakuta kompyuta ya kituoni, yenye kihisi, yenye kila kitu,
nayo inaruka. Inaruka. Inaruka.
Panya walikuwa wameutafuna waya nyuma ya tangi.
Na kila alfajiri iliniandikia ukweli, kwa adabu zote:
kihisi hakionekani.
Nami nilikuwa nahesabu nyekundu.
Njano sikuihesabu.

Shangazi hakucheka. Alifuta mikono, akaniuliza:
"Ile ndoo yangu, unadhani niliiacha ilale?
Saa nane mchana nilikuwa Tukuyu, natafuta kioo kingine."

Sasa kuna mstari wa tano.
Nimeuandika hapohapo, nimeketi juu ya dumu tupu,
vidole vimekufa ganzi:
ukiwa mbali, ruka.
Ukiwa Isongole huna ruhusa.
Anguka. Piga kelele.
Niamshe.