Kiinua Mgongo

Waliniita ofisini siku ya mwisho ya Februari,
wakanihesabia miaka thelathini na mmoja
kwa kikokotoo chenye kitufe kimoja kibovu,
kisha karani akasema: pesa ndizo hizi, hazikutosha,
iliyobaki tumekufungia pale nje.

Pale nje alikuwa Chai.
Kwenye vyeti jina lake refu kama treni ya mizigo;
sisi masaisi tulimwita Chai kwa ajili ya rangi,
chai ya nyumba ambayo ng'ombe amekaribia kukauka.
Nikautazama mgongo wake. Umebonyea
kama kitanda cha kamba.
Kiinua mgongo, wanakiita.
Sasa hapa nani atamwinua nani?

Tukatoka Njoro alfajiri, tukapanda Mauche taratibu.
Sikumpanda.
Mtu hampandi mstaafu mwenzake.

Tabutany alisimama langoni na mwiko mkononi.
Anakamuliwa? La.
Analima? Hajawahi.
Analiwa? Nikanyamaza.
Basi ni mgeni, akasema, na mgeni siku ya tatu
tunajua hupewa nini.
Siku ya tatu Chai akautafuna mpini wa jembe.

Nami nina kazi zangu, ndogondogo, hazina jina.
Sindano niliyoshonea matandiko ya farasi wa mbio
sasa inashona mikoba ya shule kila Januari.
Naziba birika. Nanoa panga.
Bawaba ya mlango wa kanisa nimeitengeneza mara nne,
na mara nne upepo wa Mau umenipinga.
Nalipwa viazi, nalipwa mayai,
nalipwa "Mungu akuzidishie", ambayo haina chenji.
Mpiga picha Kiprugut alimkodi Chai kwa harusi ya bintiye;
akala maua ya bibi harusi, na utepe wake,
nikarudisha mia tano.

Lakini nilitaka kusema habari ya juzi usiku.
Tumbo lilimsokota. Nilimkuta amelala bandani,
anageuza shingo kuutazama ubavu wake
kama anayesoma barua yenye habari mbaya.
Ukimwacha alale, amekwenda. Hilo nalijua.
Nikamwinua kwa hatamu na kwa matusi ya zamani,
tukazunguka: lango, birika la ng'ombe, shamba la viazi,
lango tena, na ukungu umeshuka hata mkono siuoni.

Saa nane Tabutany akatoka amevaa koti langu la kazini,
lile lenye jina la shamba lililobanduka herufi mgongoni.
Akachukua kamba. Lala kidogo, akaniambia.
Sikulala. Niliketi juu ya mtungi wa plastiki, nikamsikia
akimsimulia farasi mambo:
bei ya pareto, dada yake wa Bomet,
mtoto wetu wa pili, yule asiyefika mwezi,
ambaye nilimzika kwa ruhusa ya siku mbili nikarudi kazini;
na kwamba miaka thelathini na mmoja
nilikuwa nikija mwisho wa mwezi kama mshahara,
na kwisha upesi kama mshahara.
Hakuyasema kwa uchungu. Aliyasema akitembea.
Chai alitembea. Sikio moja kwake,
sikio moja kwangu.

Karibu saa kumi na moja, penye mtaro,
Chai akasimama, akainua mkia.
Samahani kwa wanaokula,
lakini sijawahi kuona kitu kizuri kama kile
kikifuka moshi kwenye baridi.
Tabutany akacheka hadi akashika magoti,
halafu papo hapo akaenda kutafuta sepetu:
hii, akasema, ni ya safu ya viazi ya juu.

Kulipokucha nilikaa mlangoni na mkoba wa mtoto wa Chelule,
zipu imeng'oka, shule wiki ijayo.
Uzi haukuiona tundu, wala mimi sikuiona.
Akapita na ndoo, akaitua chini,
akautia uzi mate, akautunga,
akanirudishia sindano bila neno.

Nami nilikuwa na neno.
Bado ninalo.