Hamsini na Tatu

Ijumaa tingatinga linaingia uwanjani.
Wameshazungusha mabati upande wa reli,
wamechora ubaoni ghorofa kumi na mbili
na miti ambayo Makongeni haijapata kuiona.
Leo ni Jumatano. Nina goti moja zima.

Mashine niliinunua kwa Lumiti,
aliporudi kutoka machimbo ya Kakamega
na kikohozi, bila hata punje.
Nairobi, aliniambia, dhahabu haichipuki ardhini.
Huanguka kutoka vidoleni.

Kizibo cha soda, namba yake hamsini na tatu.
Karatasi ya sigara, ikikunjwa vizuri, hamsini na tatu.
Kile kipete cha kufungulia mkebe wa bia, hamsini na tatu.
Na pete ya Bi Rispa, iliyomtoka siku ya fainali
akimpungia mwanawe golini,
kidole kimekondeshwa na malaria,
nayo, kwa hesabu yangu, ni hamsini na tatu.

Wanasema si kila king'aacho ni dhahabu.
Huko chini hakuna king'aacho.
Wote huitika kwa sauti moja
kama wanafunzi waliovunja dirisha.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa fundi wa redio,
barabara ya Kirinyaga, ngazi ya nyuma.
Kazi yangu ilikuwa kuufukuza mkwaruzo
na kuiacha taarifa ya habari.
Nililionea fahari sikio hili.
Basi jana nikabonyeza kitufe cha kuchuja:
chochote chini ya sitini, usiniambie.

Lo, utulivu!
Nikatembea goli hadi goli kama mkaguzi wa shule.
Mara tatu tu ndiyo ililia:
sarafu ya zamani, kipande cha bomba, kufuli.
Nikala ugali wangu, nikalala.
Saa nane usiku nikaketi kitandani.
Uwanja mzima, kumbe, sikuwa nimeutafuta.
Nilikuwa nimeupita tu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Aliyeitunga hakusema mara ngapi,
wala hakuulizwa habari za goti.

Leo nimekizima kitufe.
Mashine inabwabwaja kama Gikomba alfajiri.
Kimanzi, wa darasa la sita, ananifuata na ndoo.
Guka, na hii?
Nachimba. Kizibo.
Na hii?
Kizibo.
Na hii?
Karatasi ya chokoleti, bado ina harufu, anaapa Kimanzi.
Kijiko cha mtoto, kimetafunwa ncha.
Kizibo, kizibo, kizibo.
Amehesabu themanini na saba. Anajua bei ya kilo
kwa wauza chuma chakavu, anajua haifiki mkate.
Kila shimo nalifukia, nalikanyaga kwa kisigino.
Kesho kuna mechi, ya mwisho,
na sitaki mguu wa mtu uvunjikie kwangu.

Bi Rispa hajui kwamba naitafuta.
Yeye alishasema iliibwa, mwaka uleule,
akamtaja mtu, na mtaa ukaitikia.
Mtu huyo alikuwa mdogo wangu, Gichohi,
aliyekuwa akiuza njugu kando ya goli.
Alihamia Nakuru na kikapu chake.
Alizikwa hukohuko. Tulikuwa watu tisa.

Mimi nami, nisijitoe,
niliwahi kumtazama mifuko.

Dhahabu yenyewe nitampelekea mwenyewe.
Ninachotaka ni udongo wake,
huu uliokuwa umeishika muda wote huo,
niuweke mezani pamoja na pete, usiooshwa.

Giza linashuka upande wa Jogoo Road.
Mbele ya goli la kaskazini mashine inasitasita:
hamsini na tatu, na nne, na tatu.
Ni kizibo, Guka, anasema Kimanzi. Hii ni kizibo kabisa.
Huenda. Hata mimi nasikia kizibo.
Goti linasema twende nyumbani.

Nipe jembe.
Udongo mweusi wa hapa
hautoi kitu bila kuvutana.