Gurudumu la Nne

Chumba kiko juu ya mashine ya alizeti, Kondoa mjini;
mashudu yananukia hadi kwenye mikeka.
Mwalimu Salanga ametundika kitambaa:
maduara saba, mzizi hadi utosi.
"Sasa moyo," anasema. "La nne. Kijani.
Vuta pumzi, liache lizunguke."

Navuta. Haliji.
Linakuja jingine, la mwambani Pahi,
duara ndani ya duara, jekundu, limechubuka,
nililokuwa nikilipita kila alfajiri, dumu kichwani,
bila kuuliza nani alilichora, wala alitaka nini:
mvua, mtoto,
au mahali tu pa kupumzisha macho.

"Mwajabu, unaona rangi gani?"
"Nyekundu."
"Hiyo ya mzizi. Umeteremka. Panda."

Nikanyamaza. Mzizi wangu na moyo wangu
alivipanda mtu mmoja, shimo moja,
mwaka wa njaa,
akafukia kwa kisigino.

Chini, mashine imeanza kunguruma.
Sakafu inatetemeka, na vikombe vya chai.
Kitu kifuani kimegeuka kidogo,
kama jiwe la kusagia
likitafuta pa kukaa.